Busu la Mtaa wa Paradis

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha baa kilinuka sigara na mvinyo uliolala. Toussaint alifunga mlango kwa komeo.

"Leo tunapiga filamu," alisema. "Ya kuchekesha. Majambazi wawili mashoga wanaoana mbele ya duka la sonara. Marseille nzima itacheka. Mlinzi akitoka kuchungulia, tumeingia."

Gaétan, mdogo wake, alicheka kuliko wote. Loïc, fundi wa kufungua kabati za chuma, hakucheka.

"Kwa nini mimi na Gaétan?"

"Una midomo ya bibi harusi, we!"

Miaka miwili Loïc na Gaétan walikuwa wakikutana kila Alhamisi katika chumba cha kupanga kule Toulon. Toussaint hakujua. Angejua, mmoja wao angezikwa.

Saa 5:02.

Suti nyeupe mbili mbele ya duka la sonara, Mtaa wa Paradis. Watu walijaa barabarani, simu juu. Toussaint alishika kamera ya kuazima.

"Haya, wapenzi! Busu!"

Wakabusiana. Umati ukapiga miluzi.

"Kata!"

Hawakusikia. Mkono wa Gaétan ulikuwa umepanda shingoni kwa Loïc, taratibu, kama mkono unaoijua njia. Toussaint aliacha kutabasamu.

"Nimesema kata!"

Mlinzi alitoka akifuta machozi ya kicheko. Bastola ya Gaétan ikamgusa mbavu. Yeye na Loïc wakaingia naye, Toussaint akaenda kwenye gari.

Saa 5:08.

Walitoka na mfuko mmoja, umejaa. Polisi wawili wa doria walipita, wakawapungia mkono. Gari lao la kijivu lilikuwa linanguruma. Toussaint alipokea mfuko, akautupa ndani, kisha akamzuia Loïc kifuani.

"Huyu ni nani kwako?" alimuuliza mdogo wake.

"Si chochote kwangu."

"Kama si chochote, mpige risasi."

"Kaka, bwana, tuondoke..."

"Mpige, au nianze na yeye nimalizie na wewe."

"Gaé," Loïc alisema. "Gaé, nitazame."

Gaétan hakumtazama. Akafyatua.

Loïc alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, ndipo akalala. Umati ulilipuka kwa makofi. Bibi mmoja alipiga kelele, "Safi sana, wanangu!"

Saa 5:10.

Mita mia mbele, gari lilikwama kwenye foleni ya kwenda bandarini. Toussaint alimpapasa mdogo wake kisogoni.

"Sasa umekuwa mwanamume. Mama hatajua."

Gaétan alifungua mlango, akashuka.

"We! Rudi hapa, mjinga wewe!"

Alirudi kwa miguu, katikati ya magari, bastola mkononi. Umati ulimpisha ukiendelea kushangilia. Alipiga magoti, akakiinua kichwa cha Loïc, akakilaza mapajani. Yule bibi alisogea, akaona damu ilivyokuwa ikijaa kwenye mifereji ya mawe. Makofi yakakatika.

Polisi wa doria walikuja mbio. Gaétan aliisukuma bastola kwao.

"Nimemuua mimi," alisema. "Na gari ni la kijivu, liko kwenye foleni ya bandarini. Dereva ni kaka yangu. Kimbieni, hajafika mbali."