Mita Kumi na Sita

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuweka begi chini, Siafu alipitia karakana ya baba yake kufagia maranda. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo lakini ukimgusa anauma. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa seremala, na mwezi ule karakana ilijaa madawati arobaini ya shule yao, yamebaki kupigwa vanishi tu. Siafu alishachagua lake, la pembeni karibu na ukuta. Alikuwa amechoka kukaa sakafuni na kuandikia magotini.

Alhamisi moja alikuta moshi. Baba alikuwa anachemsha gundi kwenye jiko la mkaa, akaitwa nje mara moja na mteja, na upepo ukarusha cheche kwenye rundo la maranda. Alipogeuka, moto ulikwisha kupanda ukutani. Alipiga simu zimamoto mjini, akaambiwa gari ni moja kwa wilaya nzima, liko upande mwingine, na kutoka huko hadi kijijini ni kilomita tisini. Wasubiri kidogo. Moto gani, jamani, unaojua kusubiri?

Hata hivyo kijiji hakikuwa mikono mitupu. Kwa sababu ya umbali huohuo, zimamoto walikuwa wamewapa pampu ya injini na mpira mwekundu wa turubai wa mita sitini wa kupitishia maji, wakawafundisha vijana kumi kuvitumia. Vyote vilikaa stoo ya ofisi ya kijiji, na ufunguo ulikuwa kwa mzee mlinzi. Vijana walikuja mbio, wakasukuma pampu hadi kwenye tangi la shule, ikawaka mara moja. Maji yakatoka kwa nguvu, lakini mpira ukaisha kabla ya kufika karakana. Waliuvuta mpaka mikono ikachubuka. Maji yakaishia uani, hatua chache tu kutoka mlangoni, na Siafu akasimama akitazama madawati yakiungua, lake likiwamo. Gari la zimamoto lilifika baada ya saa mbili na nusu, likamwagia majivu maji.

Siafu hakulia. Alikasirika mpaka akakataa chakula cha usiku.

Asubuhi yake ukaitishwa mkutano mbele ya ofisi. Mkuu wa zimamoto alikuja mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Watu walimtolea uvivu. Mwenye mashine ya kusaga alimuuliza kama kodi yao haina thamani sawa na ya watu wa mjini. Mwenyekiti wa kijiji alisema huu ni uzembe, akapiga meza. Kisha Siafu akanyoosha mkono.

"Mama, sisi wa mbali hatuungui?" aliuliza. "Kuna watoto arobaini walishaanza kuhesabu siku za kuketi kwenye dawati. Hao tuwaambie nini?"

Watu wakampigia makofi. Yule mama hakujitetea.

"Hasira yako ni ya haki, mwanangu," alisema. "Gari moja halitoshi, nami naandika hivyo kila mwaka. Lakini hata tukipata la pili tukaliweka pale njia panda, litachukua nusu saa kufika hapa. Nusu saa hiyo ni yenu na pampu yenu. Hebu tuukunjue huo mpira."

Ukakunjuliwa, ukapimwa. Mita arobaini na nne. Mdomo wake wa chuma ulikuwa umefungwa kwa waya, mahali ulipokatwa.

Macho yote yakamgeukia mzee mlinzi. Mwenyekiti alimuuliza kama mita kumi na sita zimeliwa na panya, akamwamuru akabidhi filimbi na tochi palepale, kazi imekwisha. Mzee aliviweka mezani.

"Aliyeniomba ufunguo nilimpa," alisema. "Niliona wote ni wenzangu."

Hakutaja jina la mtu. Siafu alijikuta ameshika mkanda wa begi lake. Ulikuwa mkanda mpana, mwekundu, wa turubai. Mkanda wa zamani ulipokatika, mwalimu alimtuma chaki, iliyowekwa pia kwenye stoo ile, mzee akampa ufunguo bila kumuuliza, naye akakata kipande kisichofika hata mita. Siku ile alikuta wengine wameshakata kabla yake. Mpira mrefu vile, aliwaza, kidogo tu kitamdhuru nani? Akaufunga tena ule mdomo wa chuma kwa waya. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yake hupenda kusema, na chake kilikuwa begani. Hasira yote aliyowawekea watu wa mjini ikamrudia yeye. Akaenda mbele, akaliweka begi mezani.

"Mzee hajaiba," alisema. "Nilikata mimi, halafu nikakaa hapa nikipigiwa makofi."

Siafu alimwona baba yake akiinuka, akajua leo atakiona cha mtema kuni. Baba hakumgusa. Alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua mkanda mwekundu anaofungia mbao, akaja kuutupa juu ya begi.

"Mita mbili," alisema. "Karakana yangu nimeichoma mwenyewe."

Baada ya hapo walitoka mmoja mmoja, macho chini. Mwenye mashine ya kusaga alileta vipande vitatu, fundi cherehani akaleta kamba ya mbuzi wake. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti, aliyechelewa kusimama kwa sababu kiti alichokalia kilikuwa kimesukwa upya kwa turubai jekundu. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Mkuu wa zimamoto aliwaambia kuwa mpira uliokatwa vipande hauungiki. Aliwaachia mmoja kutoka kwenye gari lake, mita sitini kamili. Mwenyekiti alimwomba mzee radhi mbele ya watu wote, na Siafu akamrudishia filimbi na tochi kwa mikono miwili. Kisha wanakijiji wakaandika barua ya kudai gari la pili, na hawakupunguza makali hata neno moja. Gari hilo lilifika njia panda miezi mitano baadaye.

Jioni ya siku ile ya mkutano, wakizoa majivu, baba alimwambia Siafu, "Tuliwakasirikia walio mbali, na walistahili. Lakini mali ya wote ukiimega kidogo, ujue si wewe peke yako uliyesema kidogo. Kadai haki yako, mwanangu, ila kwanza rudisha ulichochukua."

Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wanafunzi huukunjua mpira na kuupima, na Siafu ndiye anayeandika. Sitini. Akimaliza hurudisha ufunguo kwa mzee, kisha huelekea nyumbani, begi kalibana kwapani.