Kiazi Kigumu na Kiazi Laini

Mtaa mzima wa Bombambili ulijua chikanda cha Kunegunda. Alitwanga viazi vidogo vya porini, akavichanganya na unga wa karanga, magadi na pilipili, akapika mpaka vikashikana kama mkate. Waendesha baiskeli walipita gengeni kwake wakafunga breki kwa harufu tu.

Mwaka huo binti yake, Dorine, alikuwa apate kipaimara. Kunegunda alimwahidi chikanda cha sherehe. Lakini sokoni viazi vilikuwa vimeadimika. Basi akaondoka alfajiri na mumewe, Kajetani, mpaka kwenye bonde la kijijini kwao. Huko ndiko marehemu mama yake alikomfundisha kuchimba.

Zamani, wakati wa masika, bonde lile lilijaa maua ya njano na ya waridi. Siku hiyo yalikuwa yamebaki machache, kandokando ya kijito.

"Mke wangu, tumekuja kuchimba au kutafuta sindano?" Kajetani alitania.

"Chimba, Baba Dorine. Maneno hayajazi kikapu."

Wakachimba mimea yote. Chini ya kila mmea kulikuwa na viazi viwili: kimoja kigumu, kingine laini kilichosinyaa. Kile kigumu Kunegunda alikitia kikapuni. Kile laini alikirudisha shimoni, akakifukia na kusema kama alivyosema mama yake, "Mama, baki hapa uzae tena."

Jioni jirani yao, Subira, alibisha hodi. Subira alikuwa mtu wa Nalasi, Tunduru, na kazi yake ilikuwa katika ofisi ya misitu.

"Hodi, Mama Dorine! Leo pilipili itatuliza!"

"Karibu, Mama Bakili. Machozi yako yatatosha kupikia?"

Subira alicheka. Alipochungulia kikapuni, kicheko kikakatika.

"Umevitoa wapi?"

"Bondeni kwetu. Ni vya mwisho."

"Basi ni vya mwisho kweli. Hutaviona tena."

Kunegunda alikasirika. "Usinifundishe kuchimba, jirani! Mama wa kiazi nimemrudisha shimoni, kama alivyofanya mama yangu."

 Subira aliokota mmea mmoja ambao Kajetani, kwa uvivu wake, aliutupa kikapuni mzima mzima. Akabonyeza kile kiazi laini. Maji yakatoka, likabaki ganda.

"Huyu amelisha ua la mwaka huu. Amemaliza kazi yake, hachipui tena." Akageuza kile kigumu, akaonyesha chipukizi dogo kichwani. "Huyu ndiye mmea wa mwaka kesho. Umemfukia bibi, ukamchukua mjukuu."

Kunegunda alikaa chini.

"Mbona mama alichimba maisha yake yote na maua yalikuwepo?"

"Alichimba kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Mimea mingine ikabaki, ikaangusha mbegu. Siku hizi watu wanachimba kwa magunia, hata kabla mbegu hazijakomaa. Mmea ukiisha bonde hili, ukaisha na lile, mwisho unatoweka duniani. Kwetu Nalasi tunachuma korosho, mkorosho tunauacha."

"Nikivipanda hapa uani?"

"Hapa si kwao. Mbegu zake ni kama vumbi, na husaidiwa kuota na kuvu walio katika udongo wa bondeni. Virudishe kesho, bado vina uhai. Kisha msichimbe wala kuchoma moto mpaka bonde lipone."

Kunegunda alimtazama binti yake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni. "Nilikuahidi, mwanangu."

"Mama, askofu hataniuliza nimekula nini," Dorine akajibu.

Kunegunda akacheka huku akifuta macho.

Kesho yake Kunegunda, Kajetani na Dorine walikwenda bondeni, wakavifukia viazi vyote vigumu, chipukizi zikitazama juu. Kunegunda alipita kwa kila ndugu mwenye shamba karibu, akawaomba waache bonde lipumzike. Shangazi mmoja alimfokea. Alirudi kwake tena na tena, mpaka akakubali. Sherehe ikafanyika kwa kuku wa karanga, na mifupa tu ndiyo iliyobaki.

Masika yaliyofuata, baadhi ya mimea ilichipua. Baada ya misimu mingine, maua yalivuka kijito. Kunegunda na Dorine walisimama kuyatazama.

"Mama, siku moja nitampikia binti yangu chikanda?"

"Utampikia, mama yangu. Ila kwanza mlete hapa, ayajue maua yake."