Jiwe la Ogari

Mwalimu Alfayo wa kijiji cha Sironga, huko bara, alikuwa mtu wa vitabu, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka wa 1972 mdogo wake, Ogari, alizama baharini Mombasa, mwili usionekane. Mama yao, Nyamoita, akamtuma Alfayo akalete walau jiwe la pale, lizikwe bomani badala ya mwanawe.

Jiwe lilifika, ila lilikuwa limeng'ang'aniwa na anemoni, yule mnyama wa baharini anayechanua kama ua. Alfayo, mwalimu wa bayolojia, hakuwa na moyo wa kumuua. Akaliweka sebuleni katika tangi la kioo, ndani ya maji ya bahari aliyoyabeba kwa madebe.

"Nikijua mnyama huyu ni wa aina gani, tutalizika jiwe," akamwambia mama yake.

"Mdogo wako anangoja, wewe unasoma?"

Kila asubuhi alifungua kitabu. Alihesabu minyiri ya anemoni, ile mikono yake laini: arobaini na minane. Akachunguza ncha zake, rangi ya mguu ulioshika jiwe, vipele vya mwilini. Akaandika jina la aina hiyo, akalibandika kwenye kioo. Kesho yake mguu uliokuwa mwekundu ulikuwa wa kijani, na vipele havipo. Idadi tu haikubadilika. Alibandua majina sita.

Mwezi wa tatu tangu jiwe lifike, mkewe, Orpah, akajifungua mvulana. Mtoto alilia siku nne mfululizo, ziwa halitaki, mbavu zikaanza kuhesabika. Familia ikakusanyika sebuleni mchana kumtajia majina ya marehemu, kama ilivyo desturi, anyamaze litakapotajwa jina la yule anayetaka kurudi kupitia kwake.

"Momanyi?" Kilio.

"Onchiri?" Kilio.

Nyamoita akamkazia mwanawe macho, kisha akanong'ona, "Ogari?"

Mtoto akanyamaza. Watu wakashangilia, Orpah akatokwa na machozi ya furaha. Alfayo peke yake ndiye aliyetazama tangi. Anemoni alikuwa amechanua kikamilifu, minyiri imeelekea kwa mtoto. Alfayo akapepesa macho. Jiwe lilikuwa tupu.

Hofu ikamshika. "Mama, tuzike. Leo hii."

"Tumzike nani?" Nyamoita akanong'ona. "Amesharudi."

Walilizika jiwe hata hivyo. Aliporudi ndani, Alfayo alimkuta mtoto akinyonya kwa utulivu. Akainua shuka. Kitovu cha mtoto kilizungukwa na vidoa vyekundu, vibichi. Akagusa, akaonja kidole. Chumvi.

Akavihesabu, kama alivyozoea. Arobaini na vinane.

Akasogeza kidole aviguse tena. Navyo vikajikunja polepole, kama minyiri.