Picha ya Mzee Ondiek

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule na kuianika kwenye kamba mbele ya nyumba, Muhonja alichukua penseli zake akaenda zake soshal, ule ukumbi wa mtaa wao pale Makongeni. Huko msanii mmoja aitwaye Nzilani aliwafundisha watoto kuchora. Muhonja alikuwa gredi ya saba, na alijua kuchora; hilo hata waliomwonea wivu walikubali. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alilijua kupita kiasi. Ukimsifu mara moja tu, kichwa kilimvimba wiki nzima.

Mwezi huo Nzilani alikuja na kazi mpya. Ukuta mzima wa ukumbi ungejazwa picha za watu wa mtaa waliofariki na ambao bado wanapendwa. Lakini hakuna mtoto ambaye angechora mtu wake mwenyewe. Kila mmoja angekaa na mtu mzima aliyefiwa, amsikilize, kisha achore anachosimuliwa. Picha ingekuwa ya wawili: mmoja ametoa kumbukumbu, mwingine ametoa mkono.

Muhonja alipewa Nyanya Apondi, mjane wa Mzee Ondiek aliyefanya kazi ya reli hadi alipostaafu. Nyanya alimkaribisha kwa chai na viazi vitamu, akamweleza bila kuficha lililomsumbua. Alikuwa na picha moja tu ya mumewe. Mafuriko yalipoingia nyumbani, maji yaliilowesha hadi ikabaki karatasi tupu. Tangu hapo, kila akifumba macho kumtafuta mumewe, uso wake ulimkimbia.

"Naogopa, mjukuu wangu," alisema. "Naogopa nitafika mahali nimsahau kabisa."

Maneno hayo yangemgusa yeyote aliyekuwa akisikiliza. Muhonja hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiwaza jinsi picha yake ingezishinda zote. Nyanya alipoanza kueleza jinsi Ondiek alivyokohoa na jinsi alivyopenda kula omena, msichana wetu akaona anapotezewa wakati, akaaga mapema. Nyumbani alichukua simu ya mama yake, akatafuta picha ya mzee yeyote mtanashati, akainakili: ndevu nyeupe, macho makubwa, paji pana la uso. Lo, ilipendeza kweli. Nzilani alipoiona alidhani Nyanya ndiye aliyeisimulia hivyo, akasema itawekwa katikati ya ukuta.

Siku ya kubandika picha, Nyanya Apondi alikuja amevaa nguo zake za kanisani. Alisimama mbele ya picha ile kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole kuigusa, akakirudisha. Kisha akamshika Muhonja mkono, akamshukuru, akamwombea baraka. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya:

"Ndivyo alivyokuwa, sivyo? Mimi siku hizi sikumbuki vizuri."

Wenzake walikuwa wakimpigia makofi, na Bwire, rafiki yake, alikuwa ameshamwambia kwamba ameweza kuliko wote. Neno moja tu, "ndiyo," lingemwachia sifa zote. Lakini alimtazama yule bibi akaelewa jambo lililomtisha. Akisema ndiyo, Nyanya ataenda nyumbani na uso wa mtu asiyemjua, na huyo ndiye atakayekuwa mumewe mpaka siku yake ya mwisho.

"Hapana, Nyanya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Huyu siye. Nilimtoa kwenye simu. Hukuwa umemaliza kunieleza, na mimi sikukusikiliza."

Nzilani hakumgombeza. Aliibandua picha, akampa karatasi nyingine, akasema nafasi ile itabaki wazi. Nyanya naye akamwambia Muhonja aje kwake kesho baada ya ibada.

Kesho yake walihangaika. Muhonja alichora pua, Nyanya akatikisa kichwa. Akachora mdomo, Nyanya akasema huenda, huenda si hivyo. Uso haukuja. Mwishowe Muhonja aliweka penseli chini, akauliza ni wapi hasa Nyanya alizoea kumwangalia mumewe.

Nyanya alifikiri. Akasema ni pale mlangoni. Kila alfajiri Ondiek alipotoka kwenda zamu, yeye alisimama kizingitini akimtazama hadi akate kona. Alianza kueleza, safari hii bila kusitasita: bega la kushoto liliinama kwa sababu ya mfuko wa spana, kofia ilikaa upande, masikio yalichomoza, na akifika konani aliinua mkono bila kugeuka.

Muhonja alichora mgongo. Nyanya alimwambia ashushe bega, alishushe tena, avute sikio kidogo. Alifuta, akachora, akafuta, vidole vikawa vyeusi, wala hakulalamika. Halafu Nyanya akaacha kurekebisha.

"Ondiek," aliita taratibu, kama mtu anayemwita aliyesahau kitu na bado hajafika mbali. Akalia, akacheka, akalia tena, na Muhonja akalia naye.

Siku ya maonyesho watu walijaa ukumbini. Wengi walisimama mbele ya picha ile ya katikati, wakashangaa kwa nini mzee huyu pekee amewapa mgongo. Nyanya Apondi, aliyekuwa ameketi chini yake, aliwajibu wote jibu moja.

"Anaenda kazini."

Watu walipopungua alimvuta Muhonja karibu. "Ile ya kwanza ilipendeza kuliko hii," alimwambia. "Lakini ningezeeka nikimpenda mtu baki. Ulikubali kuaibika mbele ya wenzako, ukarudi ukanisikiliza, ukafanya kazi mpaka ikakamilika. Usiache kufanya hivyo, mwanangu. Sasa nikifumba macho, namwona."