Ndama Nanyokie na Kipimo cha Mama

Nemayian aliamka jogoo walipoanza kubishana, akaenda kufungua banda la ndama huku akipiga miayo. Mama yake, Noonkipa, alikuwa keshafika. Kila asubuhi kabla ya kukamua, mama huyo alimshika ndama mmoja mmoja, akapapasa chini ya sikio na mbele ya bega, akitafuta tezi zilizovimba. Hiyo ni dalili ya mapema ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Katika kijiji kizima cha Sindeni hapakuwa na vidole kama vyake. Wafugaji walimletea ndama wao kutoka mbali, naye alijisifu kidogo tu, si sana.

Asubuhi hiyo ya likizo alifika Nesi Hosiana wa zahanati, amepakiwa kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, nesi. Maziwa au chai?"

"Vyote viwili, mama," nesi akacheka. Kisha akaomba wazungumze faragha.

"Sema tu. Huyu binti yangu kesho naye atakuwa mama."

Nesi akaeleza. Noonkipa alikuwa amepimwa mlango wa kizazi siku wataalamu walipofika zahanati. Majibu yalionyesha mabadiliko kidogo. Haikuwa na maana kwamba ana kansa. Hata hivyo, alitakiwa aende hospitali Korogwe akapimwe kama ana virusi vya HPV, kwa sababu virusi hivyo vikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta kansa.

"Mimi?" Noonkipa akashika kiuno. "Jana nimekandika nyumba nzima. Nakula, nalala. Ng'ombe anayecheua haugui, nesi! Tena wiki hii tuna arusi kwa shemeji yangu. Kunywa chai."

Nesi Hosiana akanywa chai. Aliondoka tumbo limejaa, jibu hana.

 Mama wa Sipora, rafiki wa Nemayian, alikuwa amefariki kwa kansa hiyo hiyo, naye pia alikuwa akisema hana neno mpaka siku aliposhindwa kuinuka. Nemayian alitaka kusema, lakini kumwambia Noonkipa kwamba amekosea kulihitaji kifua. Siku nzima alizunguka na maneno mdomoni kama mtu aliyebugia kiazi cha moto.

Alfajiri iliyofuata, mama alipomfikia Nanyokie, ndama mwekundu, Nemayian alisimama mbele yake.

"Mwache huyu, yeyo," alisema, kwani ndivyo walivyozoea kumwita mama. "Ananyonya vizuri."

"Nipishe."

"Jana kanipiga teke. Mgonjwa gani anapiga teke?"

"Wewe mtoto! Ukingoja ndama aache kunyonya, umeshamzika! Tezi hutangulia, ugonjwa hufuata."

"Na tezi ikivimba, basi ndiyo anakufa?"

"Hapana. Si kila tezi ni ndigana. Tunamwita bwana mifugo, anachukua kipimo, anatazama kama vijidudu vimo. Vikiwemo, dawa. Visipokuwemo, tunaendelea kumwangalia. Mbona unayajua haya, unaniuliza nini?"

 Nemayian alimtazama mama yake tu, machozi yakimlengalenga.

Noonkipa alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa ndama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka shanga zake zikalia, mpaka mumewe, Loishiye, akatoka nje na shuka begani kuuliza kulikoni.

"Binti yako kanitega na nimenasa!" alisema Noonkipa, akimvuta Nemayian kifuani. "Kesho tunakwenda Korogwe. Arusi wataicheza wengine."

Basi wakaenda. Kipimo chenyewe hakikuchukua muda, na Noonkipa alitoka akinung'unika kwamba hata kupe humsumbua zaidi. Stendi ya Korogwe wakanunua machungwa, Nemayian akala mpaka kidevu kikanata.

Siku kadhaa baadaye bodaboda ilirudi na vumbi lile lile, ila safari hii Nesi Hosiana alikuwa na meno yote nje.

"Virusi havimo, mama! Ila mwakani utapimwa tena, hatukuachi."

"Na kama vingekuwemo?" Noonkipa aliuliza.

"Tungekuchunguza zaidi, na tungekutibu kabla kansa haijaingia. Ndiyo faida ya kuwahi."

Nemayian akaruka, akapiga vigelegele mpaka Nanyokie akakurupuka na kukimbilia migungani. Furaha ilimjaa hata hakujua aifanyie nini. Loishiye, mtu wa maneno machache, alikwenda zizini akarudi na mbuzi wa kuchinja.

Jioni, kina mama walipokusanyika bombani kuteka maji, Noonkipa aliwasimulia yote bila kuficha.

"Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nathibitisha," alisema. "Miaka yote napapasa shingo za ndama, mwili wangu nikausahau. Jamani, afya haipimwi kwa macho. Nesi akikuita urudi kupimwa, nenda. Kuitwa si kuhukumiwa. Nanyi watoto, mkituona wakubwa tunakosea, tuambieni kwa adabu." Akamkonyeza bintiye. "Ila huyu asinifanyie hivyo kila asubuhi."

Alfajiri iliyofuata, Nemayian aliwakuta wanawake wanne wamesimama mlangoni. Alidhani wameleta ndama kwa mama yake, kama kawaida. Akachungulia nyuma yao, hakuona hata kwato.

"Mwite mama yako," alisema mmoja wao. "Mwambie atusindikize zahanati."