Gigabaiti Arobaini Zisizoonekana

Haya yalimfika fundi kompyuta mmoja, rafiki yangu, mtu asiyeamini jambo lolote kabla ya kulihesabu mara mbili.

Mkewe alimwomba aisafishe kompyuta yake iliyojaa. Fundi akajumlisha mafaili yote, akapata gigabaiti mia na themanini, ilhali diski ilidai kubeba mia mbili na ishirini. Alimwaga pipa la taka, akafuta nakala za zamani za mfumo, lakini arobaini zile hazikupungua. Basi humo mlikuwa na folda asiyoruhusiwa kuiona. Wivu ukamwingia.

"Kidoti, unanificha nini humu?" aliuliza, akimwita kwa jina alilompa yeye tangu uchumba.

"Nikufiche nini, baba watoto? Labda uchafu wako mwenyewe!" Mkewe akaenda zake jikoni akicheka.

Fundi alijipa ruhusa ya msimamizi, na folda ikafunguka. Ndani mlikuwa na video moja tu, iliyorekodiwa katika zile siku tatu ambazo yeye fundi alikuwa safarini kikazi. Akafunga mapazia, akavaa hedifoni. Skrini ilikuwa giza tupu. Kilisikika kicheko cha mkewe, kile cha chumbani, kisha nyayo za mwanamume, kisha kitanda kikalalamika. Fundi alikunja ngumi, akingoja mshenzi huyo aseme neno moja tu amtambue.

Mwanamume akakohoa, akanong'ona, na sauti ilikuwa ya fundi mwenyewe:

"Nyamaza, Kidoti. Amefunga mapazia, anatusikiliza."