Mfereji wa Kidato cha Pili B

Jumamosi ile soko la Kilombero lilikuwa limejaa watu mpaka pa kuweka mguu hapakuonekana. Wauza mitumba wamesimama juu ya meza zao wanaita, vumbi jeusi la Arusha linapanda, na katikati ya fujo hiyo watu wawili wameshika blanketi moja la kijivu, kila mmoja na upande wake.

"Kaka, hili nimeliona mimi kwanza."

"Dada yangu, mimi nililishika wakati wewe bado unaangalia mapazia."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi. Blanketi hukuliona."

Muuzaji akacheka. Kijana naye akaona haya. Alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kwapani amebana mablanketi mengine matano.

"Una wagonjwa wangapi nyumbani?" dada akamuuliza.

"Sita. Hawaumwi, ni kompyuta. Vumbi la kwenu hili litaziua."

Dada akacheka mpaka akaliachia blanketi. Alikuwa na gauni la bluu la maua ya manjano, na mkononi bangili ya shanga aliyoshonewa na mama yake kule Olmotonyi. Jina lake Sinyati. Kijana akajitaja kuwa ni Ndesanjo, kwao Machame, ila anasoma chuo kikuu Dar es Salaam.

"Nipe namba yako basi."

"Chukua, mangi," akamtania kama watu wanavyowaita Wachaga. "Lakini simu yangu haina vocha. Utanibipu, nami nitakubipu, tutaishia kubipiana."

Hakujua kwamba Jumatatu atamkuta ofisini kwa mkuu wa shule. Mwaka huo wa 2003 Sinyati alikuwa anafundisha hesabu kwenye sekondari moja ya kutwa pale Sekei, na Mwalimu Reginald, mkuu wao, alikuwa amewaambia wiki nzima kwamba kuna mtafiti anakuja. Kumbe mtafiti ndiye yule wa mablanketi. Wakasalimiana kama watu wasiojuana, huku kila mmoja akiuma mdomo asicheke.

Ndesanjo akawaeleza kazi yake. Alitaka kujua kama watoto wanaelewa hesabu zaidi wakijifunza kwa mchezo, tena wakicheza pamoja na wenzao wa mbali kwa intaneti. Kompyuta sita zingekaa Sekei, sita nyingine kwenye shule moja ya Maji ya Chai. Katika mchezo kuna mfereji mmoja unaoshuka kutoka Mlima Meru. Watoto wa Sekei wana mashamba ya juu, wa Maji ya Chai wana ya chini, na maji hayatoshi. Lazima waandikiane kwenye kompyuta, wapige hesabu za sehemu na uwiano, wakubaliane. Wasipokubaliana, mahindi yanakauka pande zote mbili.

"Darasa moja litacheza," akasema, "na jingine litasoma kama siku zote. Baada ya wiki kumi wote wanafanya mtihani mmoja, halafu tunalinganisha."

Mwalimu Reginald akakunja vikaratasi viwili, akavitikisa ndani ya kofia yake. Kidato cha Pili A wakapata kompyuta. Pili B, darasa la Sinyati, wakawa wa kulinganishiwa. Sinyati akatia sahihi karatasi kwamba mambo ya A hayatavuka kwenda B mpaka mtihani upite.

"Ukipita, na B nao watacheza," Ndesanjo akamwahidi.

Basi mapenzi yakaanza, na yalianzia kwenye simu. Kila siku saa moja jioni, Sinyati akiwa jikoni, simu inalia.

"Umekula, mama?"

"Nimekula ndizi. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda, mangi, mimi simo."

"Sikia vituko vya leo. Watoto wako wa Sekei wamefunga maji yote! Wa Maji ya Chai wakawaandikia barua kali, wakawaita fisi."

"Ehe! Ikawaje?"

"Wakakaa, wakapiga hesabu. Wa chini wana mashamba mengi, wapewe sehemu tatu kati ya tano. Wa juu sehemu mbili. Zamu kwa zamu."

Alikuwa anamwambia yote. Kazi imemjaa moyoni, na mwanamke anayemsikiliza anampenda, angenyamazaje? Wiki ya nne Sinyati alikuwa anaujua mchezo mzima bila kuiona kompyuta hata siku moja.

Darasani kwake hali haikuwa nzuri. Watoto wa B walikuwa wanasikia wenzao wanashangilia upande wa pili wa ukuta. Wakitoka mapumziko wanabandika nyuso zao dirishani. Siku moja msichana mmoja, Nice, mwenye akili na mdomo, akasimama.

"Mwalimu, sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Subirini wiki kumi."

"Ni kikaratasi tu, mwalimu? Kikaratasi ndicho kimetunyima?"

Sinyati akageukia ubao, akaendelea na somo. Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake akawatoa watoto mpaka bustanini nyuma ya shule, akachukua jembe, akachora mfereji ardhini. Nusu ya darasa wakakaa juu, nusu chini kwenye mashamba mengi zaidi. Punje za mahindi ndiyo maji. Hairuhusiwi kusema, ni kuandikiana vikaratasi tu. Watoto wakapigiana hesabu, wakatukanana kwa maandishi, wakapatana. Alikuwa hajawahi kuona mikono mingi hivyo imeinuliwa juu kwenye somo la sehemu.

Je, alivunja ahadi? Yeye alijiambia hapana. Alichoelewa ni kwamba utafiti ni wa kompyuta, na kompyuta haikuvuka ukuta. Tena alitaka kumfurahisha mpenzi wake: siku ya matokeo aone darasa lake nalo halikubaki nyuma. Akamficha kama mtu anayeficha zawadi.

Mtihani ukafanyika. Ndesanjo akasahihisha siku mbili kwenye ofisi ya walimu. Pili A wakapata wastani wa sitini na moja. Pili B, sitini na tatu. Akajumlisha tena. Akajumlisha mara ya tatu. Mchezo aliouhangaikia miaka miwili haukuwa umesaidia kitu. Halafu akafungua karatasi ya Nice. Pembeni ya swali la tisa mtoto ameandika, "Hili ni kama kule mferejini, wa chini walipopewa sehemu tatu kati ya tano."

Akamfuata Sinyati mpaka mlangoni mwa darasa.

"Sinyati, watoto wako wanaujuaje mfereji?"

Akatabasamu, maskini. "Nilitaka kukushtukiza. Tuliuchora bustanini! Tulitumia mahindi. Umeona walivyofanya vizuri?"

Ndesanjo akashika fremu ya mlango.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimefundisha."

"Umeniua. Nalinganisha nini na nini sasa? Wote wamecheza!"

"Kompyuta hawakuigusa..."

"Si kompyuta! Ni mchezo! Ulitia sahihi, Sinyati."

Tabasamu likamtoka. "Na nani aliyekuwa ananisimulia kila jioni? Au ulitaka nisikilize kama ukuta? Niambie ukweli, ulinipenda mimi au ulipenda darasa langu likae kimya?"

"Na wewe ulinipenda mimi au mchezo wangu?"

Yalishatoka, yote mawili. Watoto arobaini na wawili walikuwa wanasikiliza.

Siku kumi na nne simu haikulia. Sinyati akampigia yeye, akamsikia yule dada wa mtandao akisema namba haipatikani. Akiingia darasani anawatazama watoto, anawaza: nitakitoaje walichokwisha kukijua? Mwalimu gani anaweza kumwambia mtoto asahau?

Ndesanjo naye alikuwa amejifungia kwenye chumba alichopanga. Mara mbili aliandika ripoti bila kutaja mfereji wa bustanini, mara mbili akaichana. Akiandika uongo, shule nyingine zitanyimwa mchezo kwa sababu ya uongo wake. Akiandika ukweli, anamtaja mwanamke anayempenda.

Jumapili baada ya ibada Sinyati akagonga mlango wake, bado amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe ya kwaya.

"Karibu," Ndesanjo akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikai. Nimekuja kukwambia andika. Andika jina langu."

"Sitaandika jina. Nitaandika 'mwalimu wa hesabu wa Pili B.'"

"Ndesanjo, mwalimu wa hesabu wa Pili B yuko mmoja tu."

Wakatazamana, wakacheka, halafu kicheko kikaishia njiani. Sinyati akakaa. Wakashikana mikono, hawakuwa na la kufanya.

"Nilikuwa nawaonea huruma," akasema.

"Najua. Na mimi nilishindwa kunyamaza. Nikikusikia unacheka, nasema mpaka lisilosemwa."

Waliandika pamoja mchana ule, Ndesanjo akisoma, Sinyati akisahihisha. Wiki tatu baadaye jibu la Dokta Violet, msimamizi wa Ndesanjo chuoni, likaja. Ukweli wake umeheshimiwa, lakini matokeo hayatumiki. Aanze upya mahali ambapo mtoto hajausikia mchezo huu. Aende Mtwara, miaka miwili, na kompyuta ziende naye.

Sinyati aliomba uhamisho. Ofisi ya elimu wakamwambia walimu wa hesabu ni wachache, arudi mwakani. Ndesanjo aliomba kompyuta mbili tu zibaki kwa Pili B, maana aliwaahidi. Akajibiwa kwamba si zake. Mwalimu Reginald alimpa Sinyati onyo la maandishi, akampa pole kwa mdomo. Kila mtu alisikitika, na hakuna aliyeweza kubadilisha kitu.

Siku ya kuondoka, pikapu ilisimama getini saa nne asubuhi. Pili A walikuja kuziaga kompyuta zao. Pili B, ambao hawakuzigusa kamwe, walisimama nyuma yao, na Nice alikuwa analia. Sinyati hakuthubutu kumtazama.

"Wazee wangu watakuja Olmotonyi na barua ya posa," Ndesanjo akasema. "Utawapokea?"

"Watapokelewa. Mama ataniuliza, harusi lini?"

"Mwambie..." Akaitazama pikapu. "Miaka miwili ni mingi, Sinyati."

"Ni mingi. Sisemi itapita haraka, maana sijui."

Dereva akapiga honi. Ndesanjo akapanda, akateremsha kioo.

"Mangi," Sinyati akamwita, akisogea karibu ili watoto wasisikie. "Huko Mtwara nako kutakuwa na darasa la kulinganishia. Litakuwa na mwalimu wake."

"Litakuwa naye."

"Usimpigie simu hata siku moja."

Ndesanjo akacheka, machozi yakimtoka. Pikapu ikageuka, ikateremka kuelekea barabara kubwa. Sinyati akasimama getini mpaka vumbi likatulia, halafu akawageukia watoto. Kilikuwa kipindi cha hesabu, na kipindi kilikuwa kimeshaanza.